Orodha ya Vitabu Vyema vya Kwaresima

Jumapili, 3 Machi 1968

Padri Gélase ametangaza baada ya misa. Kabati la vitabu linatoka sakristia, linaingia chumba kipya chenye meza mbili na benchi nne. Chumba kinataka msimamizi mmoja. Nikasimama kidogo ili watu wanione. Ufunguo wa kabati uko shingoni mwangu mwaka wa sita sasa. Kanyosha yote wananiita Bwana Bibliotheke.

Lakini Padri hakunyamaza. Anayeitaka kazi aandike orodha ya vitabu vitano vya kufaa nyumba ya Kikristo: imani, adabu, kujiendeleza, kulima na kufuga. Jumapili ijayo ataitetea mbele ya watu wote. Népomuscène akainua mkono. Mwalimu Népomuscène, wa darasa la tano, anayesoma hata karatasi iliyofungiwa ndagala, wale dagaa wa ziwani.

Niandike ukweli, maana humu nasoma mimi peke yangu. Vitabu vile sijasoma hata kimoja. Navipangusa vumbi, basi. Lakini ufunguo siutoi. Kule Bukavu nilikuwa karani mwenye meza na muhuri. Tangu nivuke mto Ruzizi kuja Burundi, huu ufunguo ndio kitu cha kwanza mtu amenikabidhi. Wakininyang'anya nitabaki mkimbizi mwenye kofia.

Jumatatu, 4 Machi

Nimefungua kabati. Vitabu arobaini na kimoja. Nimeanza na maisha ya watakatifu. Ukurasa wa pili usingizi ukanichukua. Nimeamka ukurasa umelowa mate.

Nikabadili njia. Nimechagua kwa majalada. Cha sala, sawa. Cha adabu, sawa. Cha usafi wa mwili, sawa. Cha kufuga sungura, kina picha nzuri. Bado namba moja, na namba moja lazima iwe na uzito.

Nimekipata chini kabisa. Kinene, jalada la ngozi, kimeachwa na mapadri wa zamani. Kiko katika Kiflama, lugha ya baadhi ya Wabelgiji. Picha ya mbele: baba, mama, watoto saba, ng'ombe, nyumba yenye msalaba juu ya mlango. Hapa Kanyosha hakuna anayejua Kiflama. Padri amesoma kwa Kifaransa na Kilatini. Népomuscène hajui hata salamu yake. Sasa nani atanibishia?

Jumanne, 5 Machi

Nimepita kwa Adrien seremala, pale wanaume wanapokunywa pombe ya ndizi. Nimewaeleza mambo yaliyomo. Baba wa nyumba haamki kabla ya jua. Kichwa cha samaki ni chake. Binti asivae sketi inayoonyesha goti, wala asiende sinema kule mjini, mtaa wa Asiatique. Nyumba zinabomoka siku hizi kwa sababu watu wameacha kusoma.

Wamefurahi sana. Adrien amesema hatimaye Wazungu wameandika kitu cha akili. Akauliza kama nimekisoma chote. Nikamwambia nimekisoma mara tatu, na mara ya tatu nililia.

Alhamisi, 7 Machi

Habari imefika nyumbani. Odette, mke wangu, ameniuliza Kiflama nilijifunzia wapi. Nikamjibu kwa bosi wangu wa Bukavu. Akasema, baba Geneviève, bosi wako alikuwa Mgiriki. Kisha akaenda kulisha sungura wake.

Ana sungura kumi na mmoja. Amewajengea vibanda vya mianzi vyenye miguu mirefu. Sijui nani alimfundisha mambo hayo. Mke wangu hajawahi kukaa na kitabu mbele yangu.

Halafu nimeona kitu. Nikiamka usingizi wa mchana, ufunguo huwa umegeukia mgongoni. Nadhani nagaragara sana.

Ijumaa, 8 Machi

Népomuscène anapita nyumba kwa nyumba akiuliza watu wanahitaji kusoma nini. Ati kuuliza watu! Mtu hajui anachohitaji mpaka aambiwe.

Mimi nimemmaliza leo. Baada ya Njia ya Msalaba nimesimama mlangoni, nikasema kwa sauti kwamba kwangu tunafuata kitabu cha Kiflama neno kwa neno, Mungu ni shahidi. Padri akanishika mkono, macho yamemjaa furaha.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekwisha. Padri, kwa ile furaha yake, amemwalika Masera Dorothée, mtawa mzee anayetibu watu kule Ruziba. Ametoka kwa Waflama kabisa. Padri anasema maskini ana miaka mingi hajaona kitabu cha kwao.

Nimelala kitandani, nikasema naumwa tumbo, kesho siwezi kutoka. Odette hakubisha. Akaenda kuchuma majani ya mubirizi, dawa ya tumbo, akayaponda, akaleta kikombe kizima cha maji yale machungu. Nusu kikombe tu nikapona.

Jumapili, 10 Machi



Masera alikifungua kile kitabu cha Kiflama mbele ya watu, akaanza kucheka peke yake. Akasema hiki ni kitabu cha wakulima wa kwao, baba yake alikuwa nacho. Kinafundisha kazi za baba wa nyumba. Aamke saa kumi alfajiri. Akamue mwenyewe. Hapo wanaume wakaitikia kwa kichwa, hata huku kukamua ni kazi yetu. Lakini Masera akaendelea. Achote maji mwenyewe. Aoshe vyombo mwenyewe. Atikise maziwa mpaka siagi itoke, mwenyewe. Na mkewe akiwa na mtoto mchanga, baba apike.

Mama Médiatrice, jirani yetu, akapiga vigelegele, na wamama wote wakamfuata. Adrien alinitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kiwete. Mke wake alikuwa amesimama juu ya benchi.

Padri akauliza kwa upole kama kwangu ndivyo ilivyo, kwa kuwa niliapa. Watu wote wakamgeukia Odette. Odette akasema sisi hatuna ng'ombe. Nilimpenda pale kuliko siku ya ndoa.

Masera akachukua kitabu cha sungura. Akauliza kwa nini kibanda kina miguu. Nikajibu ili sungura waone mbali. Walicheka mpaka Padri akapanguza macho. Népomuscène akataja urefu wa miguu, kutoka kichwani, lakini sababu hakuikumbuka. Ndipo Odette akasema kutoka nyuma: ni ili mkojo udondoke chini, wasiugue tumbo. Akaongeza kwamba kitabu kinasema mlango uelekee mashariki, na mlango wake umeelekea milimani, huko huko mashariki, basi upepo wa ziwa hauwaingii.

Padri akamuuliza alikisoma lini. Odette akasema ni miaka mitatu sasa, amemaliza vyote arobaini isipokuwa cha Kiflama, na kabati halikumshinda, maana ufunguo uko shingoni mwa mtu anayelala kila siku saa nane mchana.

Padri aliuvua ufunguo mwenyewe. Akamvalisha Odette. Baridi imeniingia kifuani pale ulipokuwa. Nimeona uchungu, siwezi kuficha. Faraja moja: Népomuscène naye hakuupata. Mungu ni mwema.

Jumatatu, 11 Machi

Odette amesema nije kukaa mlangoni pa chumba kipya, nisalimie watu, niandike majina ya wanaoazima. Ameniwekea meza. Nikauliza kuhusu muhuri. Akasema tuanze na meza. Ilibidi nitoke nje kidogo, vumbi limeniingia machoni.

Sasa sikia. Tulipohamisha kabati, nyuma yake kimeanguka kitabu kingine. Cha arobaini na mbili! Kimebaki hapa tangu enzi za Wadachi, wale Wajerumani. Herufi zimejikunja ajabu. Nimemwonyesha Masera kwa ujanja, akasema macho yake hayaziwezi. Odette hakioni, kiko chini ya kofia yangu.

Picha ni safi kabisa. Baba wa nyumba amekaa kwenye kiti kikubwa mchana kweupe. Mguu mmoja uko juu ya mto, umefungwa kitambaa cheupe mpaka gotini, heshima ya wakubwa wa kule. Mkewe ameinama, anamlisha kwa kijiko. Pembeni kuna bwana mwenye mkoba mweusi, bila shaka mgeni aliyekuja kumpongeza.

Nimeshamwambia Adrien kwamba kwangu tunakifuata neno kwa neno.