Foleni ya Uhazili

Jumatatu, 3 Februari

Nimekwisha! Mkuu wa chuo ametuita walimu wote na kutangaza kwamba kozi isiyofikisha wanafunzi ishirini hadi Ijumaa saa kumi itafungwa, na mwalimu wake atahama nyumba ya chuo. Akasema hana chuki na mtu, ila vijana wanakwenda kunakoajiri. Wakati anasema hivyo alinitazama mimi. Kozi yangu ya uhazili ina wanafunzi wanne. Mmoja huja kwa ajili ya feni.

Cheche, mwalimu wa uchomeleaji, ana wanafunzi hadi nje ya karakana. Tangu kiwanda cha mabodi ya malori kifunguliwe kule chini barabarani, hata salamu yake imenenepa. Leo ameniuliza kwa upole kama paa la nyumba yangu linavuja. Nimemwelewa! Tayari anapanga viti vyake sebuleni kwangu.

Jumanne, 4 Februari

Usingizi haukuja. Nimezunguka maofisini kutafuta mwajiri mmoja tu, mmoja, wa kuja kuwaambia vijana kwamba makatibu wanahitajika. Benki walinionyesha mashine. Kwa wakili nilipokewa na wakili mwenyewe, anapiga chapa kwa vidole viwili na wala halalamiki. Nikamtajia hati mkato. Akaniuliza kwa huruma kama bado inafundishwa.

Mama Watoto amenisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema tangazo la kutafuta wachomeleaji liko kwenye lango la kiwanda tangu mwezi jana, na hadi leo halijabanduliwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akanikumbusha. Akasema pia kwamba yeye mwenyewe mikono inamwasha kujaribu. Nikacheka hadi nikapaliwa. Yeye hakucheka.

Jumatano, 5 Februari

Nimepata! Watu hawachagui kozi, wanachagua foleni. Mtu akiona wenzake wamejipanga, hujipanga kwanza, kuuliza baadaye. Kumbe sikupungukiwa wanafunzi, nilipungukiwa mstari. Nimemwendea shemeji, kaka yake Mama Watoto, ambaye hana kazi na ana marafiki wengi wa namna hiyo. Kesho waje wajipange mlangoni kwangu, nguo zimenyooshwa, bahasha mkononi, midomo imefungwa. Shemeji ameapa kwamba hataniangusha. Cheche, kaa chonjo!

Alhamisi, 6 Februari

Asubuhi foleni ilifika langoni. Kabla ya chai ilikuwa imevuka barabara! Nilichungulia dirishani. Sura nyingi sikuzijua. Akina mama wenye watoto mgongoni, wazee, hata mlinzi wa chuo aliacha lango akajipanga. Mkuu alipita, akasimama, akanitikisia kichwa kwa heshima.

Nikafungua mlango, nikawakaribisha kwenye uhazili. Mwanamke wa mbele akauliza kiwanda kinaandikisha dirisha lipi. Nikamtafuta shemeji kwa macho. Kumbe kila aliyemuuliza foleni ni ya nini, yeye aliona haya kusema uhazili, akajibu ni ya kazi ya kiwandani! Wakaanza kuniita tapeli. Nikarudi ndani na kushikilia kitasa kwa mikono miwili huku mlango ukigongwa hadi plasta ikadondoka. Niliogopa. Niliogopa sana, na sioni haya kuliandika hapa kwa kuwa hakuna atakayelisoma.

Aliyeniokoa ni Cheche, na hilo ndilo linaloniuma. Alipanda juu ya ndoo akawaambia kwamba kazi kiwandani ipo kweli, lakini anaitwa anayejua kuchomelea, na anayetaka kujua amfuate. Wakamfuata. Na wanafunzi wangu wanne nao, hata yule wa feni. Mwishoni mwa msafara nikaona gauni la bluu ninalolijua. Nililinunua mimi.

Ijumaa, 7 Februari

Saa kumi ilinikuta sina hata mwanafunzi mmoja. Mkuu akasema foleni yangu imekiletea chuo watu kuliko matangazo yote, kwa hiyo sifukuzwi. Nitatunza stoo ya karakana, nigawe glavu na miwani, chini ya Cheche. Chini ya Cheche! Nyumba nimeachiwa hadi mwisho wa muhula, baada ya hapo wataona.

Nyumbani Mama Watoto hakunificha. Jana alikuja chuoni kuniletea chakula, akamsikia Cheche, akaenda. Akasema nyumba ikichukuliwa lazima mmoja wetu awe na kazi, na hakutaka kubahatisha ni yupi. Nilijiandaa kukasirika. Nikashindwa, maana alikuwa anasema kweli.

Jumamosi, 22 Februari

Mama Watoto amerudi na kazi yake ya kwanza, benchi la chuma la watu sita. Msimamizi wa kiwanda alilikalia, akalirukia, kisha akamwambia afike Jumatatu kwa majaribio. Sasa anaimba jikoni. Nimempongeza kwa moyo wote, na watoto wameshuhudia.

Nimelikalia hilo benchi tangu mchana. Halitikisiki hata kidogo. Na ni hapohapo nilipoona tulipokosea. Ile foleni ilisimama! Mtu akisimama huchoka, na akichoka huanza kuuliza maswali. Aliyekaa vizuri hana haja ya kujua anasubiri nini.

Nimemtumia shemeji ujumbe aje na wenzake. Uhazili unarudi! Kilichobaki ni kumbembeleza Mama Watoto anichomelee mabenchi mengine kama hili, na asiniulize ni ya nini.