Wakili wa Buchani

Hadithi hii naijua kuliko waliokuwemo, maana niliiona kwa macho yangu mawili. Haya, haya, sikuwepo. Na hilo jicho la pili lina mtoto wa jicho tangu zamani. Lakini masikio ni mazima.

Tapeli mmoja waliyemwita Mteremko alikuwa buchani akichagua utumbo, akamsikia mwenye bucha akifoka, "Mawakili wanyonyaji! Shemeji yangu kaiba kuku mmoja tu, wao wanataka ng'ombe mzima! Laiti ningekuwa wakili mwenyewe!"

Mteremko akasahau utumbo. Mlangoni ilisimama pikipiki ya mwenye bucha, mpya, nailoni ingali kwenye kiti. Akaitazama kama fisi anayengoja mkono wa binadamu udondoke.

"Kaka, mbona uwakili unapatikana? Mimi mwenyewe wakili."

"Si mpaka chuo kikuu?"

"Hiyo ni njia ya wasio na kazi. Kisu umekishika tangu lini?"

"Kabla ndevu hazijaota."

"Basi shahada unayo. Mtihani tumekusamehe. Imebaki tabia njema: umewahi kupunja watu kwenye mizani?"

Mwenye bucha akatazama dari. "Watu? Hapana. Wateja tu, kidogo."

"Mkweli kabisa! Umepita. Lete ufunguo wa pikipiki, ndiyo ada."

"Polepole, kaka. Nasikia mwanafunzi lazima kwanza amfuate wakili wake mahakamani, ajifunze. Kesho kesi ya shemeji inasikilizwa. Twende wote. Tukitoka, ufunguo wako."

Mteremko akatazama njia ya kutokea. Lakini pikipiki ni pikipiki. Akaazima joho la mahafali la binti wa jirani, likamfika magotini, akaenda kujibanza benchi la nyuma kabisa, akiomba siku ipite salama.

Kesi ikaitwa. Hakimu, mama wa miwani mizito, akauliza, "Mshtakiwa ana wakili?"

"Anaye!" akapaza sauti mwenye bucha. "Mwalimu wangu, inuka!" Akamsukuma mbele kwa mkono uliozoea kusukuma mafahali.

Hakimu akalikagua lile joho kuanzia kola mpaka magotini. "Sijawahi kukuona hapa. Uliapishwa lini?"

Ulimi haujawahi kumtupa Mteremko. "Si mimi, Mheshimiwa! Wakili ni kaka yangu huyu. Mimi mwanafunzi wake, namshikia mkoba tu."

Mwenye bucha akavimba kwa fahari mpaka kifungo cha shati kikaruka. Kizimbani, shemeji mtu akajishika kichwa.

"Wewe ndiye wakili?" hakimu akamuuliza.

"Naona nimepanda cheo, Mheshimiwa! Asante!"

"Na nani alikupitisha?"

"Huyuhuyu mwanafunzi wangu!"

Watu wakaangua kicheko, hata askari wa mlangoni akaegemea ukuta. Hakimu hakucheka. Alivua miwani, akaifuta taratibu, akairudisha.

"Mwanafunzi," akasema, "huo mkoba unaoushika uko wapi?"

Mteremko akaitazama mikono yake, huu kisha huu, kama mtu aliyekuwa nao sasa hivi.