Mlima Uliofagiwa

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Wewe unayesoma, nakuomba kila neno liishie kwako. Usimwambie hata mama yangu kule Cheyo. Emilian ndiyo kabisa.

Ofisi yetu hapa Tabora inapima mlima ulio kwenye ukingo wa bonde la ufa, mbele ya Igunga. Ardhi inausukuma juu polepole, mvua inaumomonyoa. Tunataka kujua nani anashinda. Kileleni kuna nguzo yenye antena inayotuambia mlima umeinuka kiasi gani. Ikisogea unene wa kucha, kazi ya miaka imepotea. Mteremkoni kuna vijiti vya chuma vilivyochomekwa. Udongo ukiondoka, chuma kinabaki wazi zaidi. Mimi ni karani, naandika vipimo.

Ajira ya kudumu ni moja, makarani tuko wawili. Mwenzangu Emilian hutaniana na bosi wetu, Dokta Julieth, kama shangazi yake. Mimi nikimwamkia tu natetemeka.

Leo Dokta katangaza kwamba Alhamisi atakwenda mlimani mwenyewe kusoma vijiti. Kituo hicho cha vipimo kiko chini yangu. Emilian akaniambia wapagazi wa zamani walipita barabara hii na pembe za ndovu mabegani, mimi rula tu inanilemea. Nina mpango.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimempigia simu Mama Bernadeta, mlinzi wetu anayeishi chini ya mteremko. Nikamwambia mgeni mkubwa anakuja, pawe pasafi. Akauliza, hata huko kwenye vyuma? Nikasema hasa huko. Akacheka, akasema utadhani naleta posa.

Emilian hana akili ya kufikiria usafi.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimetangulia kwa basi. Mama Bernadeta kanipa ugali na mlenda, kisha kanipandisha mteremkoni kwa fahari.

Amefagia. Mteremko mzima. Yeye, binti zake na majirani, tangu alfajiri. Mistari ya mafagio imenyooka kama uwanja wa kanisa siku ya Pasaka. Kokoto zimeokotwa. Palipokuwa pagumu wameparua kwa jembe. Udongo wote wameusukumia korongoni.

Nimepima kijiti cha kwanza. Sentimita tatu zimeondoka, na mvua haijanyesha tangu Mei. Nikakaa chini. Mama Bernadeta akauliza kama kuna mahali amepasahau.

Mpango mpya: kuurudisha udongo. Nikaomba ndoo, nikaomba na msaada. Ndoo nimepewa. Msaada hapana. Akasema hawezi kumfagilia mgeni halafu amrudishie takataka, hakulelewa hivyo. Nimebeba peke yangu mpaka jua kuzama, nikashindilia kwa miguu. Mgongo umekwisha. Sijapima tena. Naogopa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Dokta kafika na gari la ofisi. Emilian kakaa kiti cha mbele.

Dokta akasoma kijiti. Akasoma tena. Akauliza inakuwaje mlima umeongezewa udongo wakati wa kiangazi. Nikasema, kwa sauti ndogo, labda ardhi imeinuka. Emilian akageuka kutazama korongo, mabega yakimtikisika. Dokta akasema ardhi ikiinuka, Justus, na kijiti huinuka nayo.

Ningeweza kujitetea. Lakini Mama Bernadeta, ambaye hakuulizwa, akasema mgeni asimlaumu yeye. Mpaka jana palikuwa pasafi kabisa. Aliyepachafua ni huyu kijana wenu, kwa ndoo yake mwenyewe.

Dokta akafunga daftari, akashuka moja kwa moja mpaka garini. Nilitamani angefoka.

Ijumaa, 10 Oktoba

Ajira kapewa Emilian. Mimi sikufukuzwa. Nimepewa mkataba wa msimu mmoja wa mvua, nikae hukuhuku mlimani na kulinda vijiti vipya. Amri ya Dokta ni fupi: nisiguse kitu. Nikiharibu tena, basi.

Emilian kapiga simu kunipongeza kwa kupanda. Akasema mlima mzima ni wangu, sasa nimemzidi kimo.

Jumatatu, 20 Oktoba

Dokta anarudi keshokutwa na wageni kutoka chuo kikuu. Nafasi yangu hii.

Vijiti sijavigusa, wala sitavigusa. Nimejifunza. Mama Bernadeta nimemnyang'anya fagio.

Ila leo nimepanda kileleni na kuona nguzo ya antena imeinama kidogo upande wa Igunga. Wageni wakiiona hivyo watasema hapa hapana mlinzi. Tumeisukuma, mimi na Mama Bernadeta na binti zake wawili. Imekubali. Huko si kuisogeza, ni kuirudisha. Kisha tumeipaka chokaa.

Ukitaka kunipata, usimuulize Emilian. Panda basi linalopita Nzega na Igunga, shuka kabla halijaanza kupanda mlima, ulizia kwa Mama Bernadeta. Asipokuwepo, tazama juu. Nipo pale kwenye nguzo nyeupe, iliyonyooka.