Jeli ya Mama, Vidonge vya Mama Mkubwa

Jumatatu, 5 Mei 2003

Hili sijamwambia mtu: nampeleleza mama yangu. Yeye na dada yake, Mama Mkubwa Waridi, aliyehamia kwetu tangu mabomu yaanguke mtaani kwake, Kinanira. Siku zao za mwezi zimekoma, sasa wanawaka kama mbabula mbili za makaa. Mama anafungua dirisha. Papa analifunga: risasi! Mama analifungua tena.

Mwezi jana daktari alimpa Mama jeli ya kupaka mkononi, homoni inayofanana kabisa na ya mwili. Dukani ilibaki boksi moja tu. Mama Mkubwa akapewa vidonge, homoni ya kubuni, inayoiga. Karatasi za Kifaransa niliwasomea mimi. Nina Kifaransa cha lycée na Kiarabu cha madrasa. Wao wana ubishi.

Exposé ya biolojia, kusoma utafiti wako mbele ya darasa, ni Ijumaa. Section scientifique, mkondo wa sayansi, imebaki nafasi moja, tunaigombea mimi na Maxime, mtoto wa mwenye duka la dawa. Kichwa kama tikiti, ndani maji. Nitamshinda kwa ushahidi: nahesabu nani anajipepea zaidi kwa siku, nionyeshe jeli inashinda vidonge.

Jumanne, 6 Mei

Mama kajisifu mbele ya sinia: yake ni ya asili, imetoka kwenye mimea. Asili! Mmea wenyewe umepikwa kiwandani. Mama Mkubwa kajibu: "Apana, mudogo wangu, hiyo ni pomade. Dawa inamezwa!" Wakaniuliza mimi, msomi. Nikaitikia kwa kichwa, huku na huku. Wote wawili wakanishukuru. Wajinga wa Mungu.

Kupepea: Mama sita. Mama Mkubwa sita.

Jumatano, 7 Mei

Nne kwa nne! Haiwezekani. Kwenye jedwali nimemwongezea Mama Mkubwa, zikawa saba. Si uongo. Ni kusahihisha.

Alhamisi, 8 Mei

Balaa! Nimemkuta Mama Mkubwa mikono inang'aa jeli, na Mama anameza nusu kidonge. Wanagawana tangu siku ya kwanza! Wakanicheka: "Tulinyonya ziwa moja, tunakula sinia moja, halafu mutu apake peke yake? We mutoto, huo ni uchoyo!"

Karatasi inakataza kumpa mtu mwingine. Mstari huo niliuruka nikiwasomea. Ulikuwa mrefu.

Nimewaambia waende kwa daktari kesho kutwa. Sababu sikutaja. Jedwali sikubadilisha.

Ijumaa, 9 Mei

Nimesoma kwa sauti ya mbu. Maxime kauliza nimepima watu wangapi. Wawili. Kila mmoja dawa yake tu? Nikageuza ukurasa. Basi akahubiri: watu wawili si utafiti, na hakuna aliyethibitisha kwamba inayofanana ni salama kuliko inayoiga, daktari ampime kila mtu. Makofi. Nafasi kapewa yeye. Mimi 5/20, na barua ya mwalimu, Madame Léoncie, kwa wazazi.

Jumamosi, 10 Mei

Daktari kawagombeza: kila dawa imepimiwa mwenyewe. Kauliza karatasi ilisomwa na nani. Mama, kifua mbele: "Na mutoto wangu!" Nikatazama viatu. Mama Mkubwa naye kaandikiwa jeli, duka litamletea.

Mchana Mama kanipa barua ya Madame nimsomee. Nikasoma: Amira ana bidii, anapenda sayansi. Mistari ya katikati nimeiruka. Ilikuwa mirefu. Mama kalia kwa furaha, kaitundika sebuleni. Kumbe kazi rahisi! Mwakani barua nitaandika mwenyewe.

Kuna mtu kabisha hodi. Ni Maxime, kaleta jeli. Mama anamkaribisha: "Ingia, mwanangu, soma vile wanamusifu Amira!"

Maxime anawasomea yote, hata mistari ya katikati.

Nyayo. Zinakuja mlangoni kwangu. Daftari chini ya godo—