Kopo la Swalehe

Jumatatu, 5 Julai 1993. Makote.
Tumbo limejaa gesi, siku ya nne. Linanguruma hadi kuku wanageuka kuniangalia. Mke wangu, Mama Rose, ameamua kosa ni lake, eti kisamvu hakikuiva. Leo kapika uji mwepesi, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza bakuli. Roho iliniuma. Kisamvu kiliiva sana.

Ukweli nauandika hapa tu. Pasaka niliapa mbele yake kuacha sigara. Mimi Edmund, mwalimu mstaafu, miaka sitini na sita, niliapa! Akachinja kuku kwa furaha. Niliacha wiki mbili. Sasa kila alfajiri nakwenda kupulizia mikorosho salfa. Harufu ya salfa hufunika kila kitu. Navuta tatu nyuma ya mkorosho wa mwisho, narudi nyumbani nanuka dawa, nasifiwa kwa bidii. Sigara nanunua kwa jirani yangu Mrisho. Tangu biashara iwe huria, kiduka chake kina sigara za nchi tatu. Zamani tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni.

Jumatano, 7 Julai.
Daktari Isabela kafika zahanati kutoka Dar es Salaam. Anachunguza matumbo ya wazee. Katueleza kwamba tumboni mnaishi vijidudu visivyohesabika, vingi ni vyema, ndivyo vinavyotusaidia kusaga chakula. Uzeeni aina zake hupungua. Anashuku moshi wa sigara unavivuruga hata vile vilivyobaki. Miaka yote nilidhani moshi unaishia kifuani. Tumbo langu likanguruma palepale, watu wakasikia.

Kisha akatugawa. Wavutaji upande wa dirisha, wasiovuta upande wa mlango. Mama Rose akanishika mkono akaniongoza mlangoni, kichwa juu. Mrisho, kule dirishani, akakohoa kwa makusudi. Kila mzee kapewa kopo. Kopo lirudishwe Ijumaa na choo ndani, jina lako juu.

Alhamisi, 8 Julai.
Nimewaza kutwa. Kopo langu litanisema. Daktari atajua, Mama Rose atajua. Nimekwisha!

Baadaye: ufumbuzi! Swalehe, kaka yake Mrisho, miaka sabini, hajavuta hata siku moja. Yeye Myao, mimi Mmakonde, sisi ni watani. Mtani akibeba jogoo wako huna pa kushtaki. Nimepekua mila yote kichwani. Hakuna mahali inapokataza kopo.

Ijumaa, 9 Julai.
Kopo la Swalehe lilikuwa dirishani kwake, tayari, mwenyewe ananawa uani. Nikabandua karatasi za majina, nikazibadilisha. Nikachukua lake, nikamwachia langu. Nimekwenda zahanati napiga mluzi.

Jumatano, 14 Julai.
Majibu. Tuliitwa mimi na mke wangu. Sigara haikutajwa. Nikaanza kutabasamu. Ndipo Daktari akasema kopo langu limejaa minyoo, na kwamba mboga zioshwe vizuri na maji yachemshwe. Kanipa vidonge.

Nyumbani Mama Rose akaingia jikoni akalia. Miaka arobaini ananilisha, alisema, kumbe ananilisha minyoo. Nilisimama mlangoni na vidonge vya Swalehe mfukoni. Nimevificha, nimejifanya nameza.

Ijumaa, 16 Julai.
Swalehe kaja na Mrisho kulalamika. Daktari kamwambia vijidudu vyake vinafanana na vya wavutaji wa dirishani, kama anavuta kwa siri aache. Mkewe Zabibu kampekua mifuko yote. Mzee wa watu! Mrisho alisema mficha maradhi kifo humuumbua. Alimwambia kaka yake, lakini alikuwa ananitazama mimi.

Jioni nikamwona Mama Rose anapanda kutoka bondeni na ndoo ya maji. Safari ya pili leo. Maji ya mvua tuliyoweka hayamtoshi tena, anaosha kila jani mara tatu. Magoti yake mabovu. Kila hatua kumi anasimama. Nikakimbia kumpokea ndoo, naye akaniomba msamaha. Yeye! Sikuweza tena.

"Mama Rose, minyoo si yangu. Hata choo si changu."

Nikamweleza yote, tangu Pasaka, hapo hapo njiani, ndoo katikati yetu.

"Sigara nilijua tangu Juni," alisema. "Salfa haifiki mdomoni, Baba Rose. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Mimi sitaki sigara zikuue, nibaki peke yangu kwenye nyumba hii."

Nililia, mwalimu mzima.

Jumamosi, 17 Julai.
Nimempelekea Swalehe vidonge vyake na kukiri. Mrisho alicheka mpaka akakaa chini. Kisha wakaja wote wawili wakabeba jogoo wangu, na hawakuniaga. Ni haki yao. Pakiti nzima ya sigara nimeitumbukiza chooni, Mama Rose akishuhudia. Nikamwambia nampenda. Sijawahi kusema neno hilo kwa sauti. Akanitazama sana, halafu akaniambia nikanawe mikono.

Jumamosi, 14 Agosti.
Wiki nne. Tumbo kimya kabisa! Daktari anarudi Jumatatu na makopo mapya, anataka kuona kama vijidudu vya walioacha sigara vinarudi. Mama Rose kakitangazia kijiji kizima kwamba mumewe ni mfano. Leo kaniwekea firigisi.

Tatizo dogo. Juzi nilivuta moja, ya kuaga. Jana nyingine, maana ile ya kwanza haikuaga vizuri. Nilikwenda kumwambia, haki ya Mungu nilikwenda. Nikamkuta ananipigia pasi shati la Jumatatu, anaimba. Miaka mingi sijamsikia akiimba. Ningeanzia wapi?

Basi nimepita kwa Ambrosi, katekista. Havuti, hanywi, na kopo ataliweka barazani. Halafu nimemuuliza, kwa upole, kama ana minyoo. Hana. Safari hii nimeuliza kwanza.