Chui wa Chaki na Kiti Kimoja cha Basi

Jumatatu, 4 Mei

Siku tukufu! Mwalimu wa jiografia ametangaza kwamba kidato cha nne watakwenda hifadhini mwisho wa mwezi. Maporomoko, ngome ya kale, na tembo. Tembo wenyewe, si wa kitabuni! Basi limejaa, ila kimebaki kiti kimoja. Atakikalia mwanafunzi wa kidato cha tatu atakayeirekodi safari kwa video, ili shule nzima ione. Anayekitaka alete video fupi ya vivutio vya hapa kwetu: mandhari, historia na wanyamapori. Zitaonyeshwa ukumbini Ijumaa ya wiki ijayo, mbele ya watu wote.

Kiti ni changu. Sijawahi kufika mbali kuliko kwa Bibi, na kwa Bibi kivutio pekee ni Bibi.

Tatizo la kwanza: Kiranja wa darasa letu naye anakitaka. Mjomba wake hupiga picha za harusi na ana droni. Aliniuliza, kwa upole kabisa, kama mimi nitarekodi kwa kijiko. Darasa likacheka. Nikacheka nao, kwa heshima.

Tatizo la pili: hapa kwetu hakuna kivutio. Kuna nyumba, gereji na duka la balbu. Hili nitalitatua kwa akili.

Jumanne, 5 Mei

Simu imepatikana! Shangazi ni fundi cherehani, na chumba chake cha kazi kiko mbele ya nyumba yetu. Amekubali kuniazima yake kwa sharti moja: wateja wakipiga, nipokee na niseme nguo iko kwenye pasi. Nikauliza, na kama haiko kwenye pasi? Akasema, mwanangu, nguo za fundi zote ziko kwenye pasi.

Kioo cha kamera kina ufa mmoja tu, tena pembeni. Ukitazama kwa moyo mweupe, unafanana na upinde wa mvua.

Jumatano, 6 Mei

Mandhari. Tangi letu la maji likijaa, humwagikia ukuta wa nyuma, na ukuta ule umeota ukijani wa kupendeza. Ukilala chali na kuishika simu karibu na ukuta, ni maporomoko! Nilifungulia pampu, nikalala, nikangoja. Yakaja! Nikasimulia kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kuyaamsha: haya ni maporomoko yaliyojificha, na mguu wa binadamu haujawahi kukanyaga hapa.

Hapo hapo mguu wa Baba ukakanyaga. Kandambili nyekundu, kisigino kizima, katikati ya maporomoko. Baba alikuwa anauliza ni nani aliyefungulia pampu akaenda zake. Nikamjibu kutoka chini kwamba mtu huyo hajaenda zake, yupo. Jibu lilikuwa sahihi. Halikunisaidia.

Nimefagia maji ua mzima. Kipande nimekitazama tena na tena, na mguu hauondoki. Nitasema ni wa mtafiti.

Alhamisi, 7 Mei

Historia. Nyuma ya gereji kuna jengo la Mzee Matofali, mwashi mstaafu. Kuta nne bila paa, nyasi sebuleni, mti umetokeza dirishani. Alianza kulijenga kabla sijazaliwa. Nikaingia kimya kimya, nikaishika simu vizuri, nikaanza: haya ni magofu ya ngome kuu, ambayo wenyewe walitoweka zamani...

Sauti ikatoka nyuma ya ukuta. Wenyewe gani waliotoweka? Mwenyewe naoga!

Nilikimbia hadi barabarani, nikangoja kwa adabu. Akatoka amevaa, povu likiwa bado masikioni. Nikamwamkia. Akaitikia kwa ukali, akanieleza kwamba yale si magofu, ni nyumba, na inaendelea. Nikauliza inaendelea lini. Akaanza kujikuna shingo.

Ikabidi nimweleze yote: kiti, tembo, droni ya mjomba. Akasikiliza. Kisha akauliza kama kweli shule nzima itaona. Nikasema kweli. Akaenda kuvaa koti!

Basi ikawa kazi kumzuia. Alijitambulisha kama mlinzi mkuu wa ngome, mjukuu wa walinzi. Akasimulia vita vitatu. Akanionyesha dirisha ambalo mfalme alilipitia akiruka na kiti chake cha enzi. Katikati ya vita vya pili simu ikaita: mama mmoja mwenye sauti nzito anauliza gauni lake liko wapi. Nikasema liko kwenye pasi. Mzee Matofali akadakia kwamba pasi imetekwa na adui. Mama akakata simu.

Jumamosi, 9 Mei

Wanyamapori! Jana Kiranja alijigamba kwamba droni imemrekodia kundi la ndege weupe juu ya kilima. Ndege ni wazuri. Lakini chui ni chui.

Paka wa Shangazi ana rangi ya mchanga, na kiburi anacho. Madoa nilimchora kwa chaki ya fundi, ile ya kuwekea alama vitambaa. Nyeusi haikuwepo, nikatumia ya bluu. Alitulia, akidhani anakunwa. Na alipoingia majanini, lo! Alinyata! Alimnyatia mjusi! Nilitokwa na machozi nikiwa nimelala kifudifudi.

Kisha chui akachoka. Akaingia chumba cha kazi, akajinyoosha, akalala juu ya gauni la bibi harusi.

Jeupe.

Ukelele wa Shangazi ulileta majirani na ndoo, wakidhani kuna moto. Chaki ile hutoka kwa brashi, na nilipiga brashi hadi mkono ukafa ganzi. Doa moja tu lilikataa. Shangazi akashona ua la kitambaa juu yake, midomo imebana pini. Bibi harusi alipofika kujaribu, aliliona ua, akaliinamia. Akauliza ni nani aliyebuni kitu kizuri namna hii, na kama anaweza kupata mengine upande wa pili!

Shangazi akazitoa pini mdomoni, akaanza kukata mengine. Simu hakuninyang'anya. Ila paka amepigwa marufuku kuigiza.

Ijumaa, 15 Mei

Nieleze kwa utaratibu.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Kiranja alianza. Kilima kutoka juu, ndege weupe, reli ya zamani inayopotea vichakani. Nilipiga makofi kwa dhati, maana ilikuwa nzuri kweli. Lakini maelezo aliyasoma kama anaita mahudhurio. Mtu mmoja alikoroma. Nadhani ni mwalimu wa hesabu.

Zamu yangu. Simu ikaunganishwa na projekta, na maporomoko yakashuka ukutani makubwa kama nyumba. Ikaingia kandambili ya Baba. Kicheko! Nilikuwa nimeandaa maelezo kuhusu mtafiti, hakuna aliyeyasikia. Akaja Mzee Matofali na koti lake. Mfalme aliporuka na kiti, watu walishikana mabega. Chui alipojitokeza, wasichana wa mbele walipiga yowe la hofu kabisa! Hofu ya kweli! Kisha chui akageukia kamera akasema nyau. Nilisahau kukata.

Nikatazama mstari wa mbele. Mwalimu wa jiografia alikuwa amecheka hadi ameshika mkanda wa suruali. Nikamwona anatoa simu yake, anaandika kitu haraka. Sikuelewa. Nikaelewa mara moja, kwa sababu ujumbe ulishuka ukutani, juu ya kichwa cha chui, na jina la mtumaji: Mwalimu wa Jiografia.

Fundi, ile suruali ongeza kiunoni. Hii niliyovaa nikicheka inataka kupasuka.

Maskini, hakujua simu ile ni ya Shangazi, fundi wake. Ukumbi uliporomoka kuliko maporomoko yangu. Yeye hakusimama. Nadhani hakuthubutu.

Nilichomoa waya, nikaomba radhi, nikaomba tena. Alitangaza matokeo akiwa amekaa, bila kunitazama: Kiranja. Nilipiga makofi. Nikamtazama tembo wangu akiondoka taratibu, mgongo, mkia, basi.

Hapo akasimama mwalimu mkuu. Mama yule hacheki hata siku ya michezo. Alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Akasema video moja ina macho na nyingine ina mdomo, na yeye hayuko tayari kukoromewa tena ukumbini kwake. Kiranja arekodi, mimi nisimulie. Kuhusu kiti, mizigo iliyowekewa kiti cha nyuma ipande juu ya paa.

Mwalimu wa jiografia akakubali, kwa sauti ya mtu aliyebanwa. Sharti lake: niape mbele ya shule nzima kwamba sitaghushi tena maporomoko, magofu wala chui.

Nikainua mkono. Nikaapa. Nimebadilika kabisa. Kuanzia leo, ukweli mtupu!

Jumamosi, 30 Mei. Hifadhini!

NIMEONA TEMBO!

Walivuka njia mbele ya basi, familia nzima, polepole, kama watu wanaotoka sherehe. Mtoto wao alikanyaga mkonga wake mwenyewe akajikwaa. Walikuwa karibu kiasi kwamba nilisikia matumbo yao yakinguruma. Nilisimulia kama sijawahi kusimulia maishani. Dereva alizima injini ili anisikilize. Kiranja, kamera usoni, alikuwa analia waziwazi, nami nilimshika bega na kulitikisa kwa furaha.

Tumefika bweni la hapa hifadhini, tukafungua kamera tuwatazame tena.

Hakuna tembo. Kamera ilikuwa inarekodi tayari, na tembo walipojitokeza tu Kiranja alibonyeza kitufe akidhani anaiwasha, kumbe anaizima. Walipoondoka akabonyeza tena. Tuna kofia ya dereva, safi, imetulia, njia nzima ya kurudi. Na mwalimu ameshapiga simu shuleni kuwaambia tembo wamepatikana.

Kiranja amejifunika mto. Anasema atavuliwa ukiranja. Anasema mjomba hatamwazima kitu tena. Nimekaa kando yake, nikamwambia: dada yangu, tulia, bado kuna jua. Mablanketi ya hapa yote ni ya kijivu. Mimi nitakuwa miguu ya mbele, yeye ya nyuma. Nimeshazungumza na mtunza bustani kuhusu mpira wake wa kumwagilia maua, na amesema mkonga utatokea vizuri sana.

Akauliza kutoka chini ya mto, na kile kiapo?

Nimekikumbuka chote, neno kwa neno. Maporomoko. Magofu. Chui. Tembo hakutajwa hata kidogo.

Kiranja ametoa kichwa. Amefuta machozi. Amefikiri kidogo. Kisha ameuliza masikio tutayatengeneza kwa kitu gani.