Ombi la Kuondoa Kioo Stesheni ya Strasbourg Kabla ya Jumamosi

Langley Park, Maryland
Novemba 2007

Mheshimiwa Mkuu wa Stesheni,

Mimi ni mtu wa bahati. Katika Waswahili wote wa hapa Langley Park mpaka Laurel kule, ni mimi peke yangu niliyeshinda kutwa nzima katika stesheni yako huko Ufaransa, mwaka 1998, mpaka wahudumu wakanizoea. Ndiyo maana dada yangu Adela, muuguzi mstaafu wa Tabora, alipopata mjukuu katika mji mdogo jirani na wenu, aliniomba nimchoree ramani ya mahali pa kubadilishia treni. Nilichora. Ameipeleka stesheneri ikapigwa nailoni.

Mkwewe Fidelis alitaka kuja kumpokea. Dada akamjibu kwenye simu: "Baba, kaa na mkeo mzazi. Mimi nina ramani ya mdogo wangu."

Anafika Jumamosi. Sasa malalamiko.

1. Kioo. Jumapili baada ya ibada, Ndirangu, Mkenya anayeendesha teksi Arlington, alitoa kamera yake. Alipita kwenu mwezi jana. Nikaona jengo lililojengwa na Wajerumani mwaka 1883, mji ulipokuwa wao, limefunikwa kioo mbele yote, kama keki dukani. Ramani yangu ina mawe matupu. "Mzee, kwani wewe ulishukia wapi?" aliniuliza mbele ya kwaya nzima. Nikamjibu kwamba kioo hicho ni cha muda. Tafadhali kiwe cha muda.

2. Tramu. Eti inapita chini ya ardhi hapo mbele, tangu 1994. Mimi nimechora bustani na mbuzi wawili. Sipingi maendeleo, naomba tu ipumzike Jumamosi asubuhi. Mbuzi nitawasamehe.

3. Makabati ya mizigo, duka la mikate na choo. Kwangu vyote viko kulia. Kama kwenu viko kushoto, vihamisheni. Ikiwa ni kazi kubwa mno, geuzeni stesheni yenyewe.

Usiniambie aulize watu. Dada hawezi. Kuuliza njia huku ameshika ramani ya mdogo wake ni kuwatangazia wakwe kwamba kwao ni waongo. Atakaa kwenye benchi, mkoba mapajani, akingoja jengo lifanane na karatasi. Namjua. Ana miaka sitini na sita, na ana presha.

Wasalimie wakata tiketi, wafagiaji, na madereva wa zile treni za kasi pamoja na watoto wao. Huku wote wazima, hata Ndirangu.

Ni mimi ninayekuheshimu sana,
Tito, Mzee wa Ulaya

N.B. Kioo kiacheni. Nimempigia Fidelis aje kumpokea, na nimemwomba amwambie dada kwamba alikuwa anapita tu. Akaniuliza, kwani ramani ina nini? Nikamwambia nje nimetoa kwenye kalenda ya kinyozi, ndani ni stesheni ya Tabora. Ufaransa sijawahi kufika.